Usimpe wakala tokeni ya msimamizi

Dadangu, umeuliza kama utumie tokeni ya msimamizi (ufunguo wa kidijitali wa mwenye mamlaka yote kwenye mfumo) kuunganisha wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotafuta na kujibu maswali yenyewe, na mfumo wa kutafuta nyaraka za hoteli yenu hapo Malindi, kwa kuwa ndiyo iliyokubali haraka. Tafadhali usifanye hivyo. Tokeni hiyo hufungua kila kitu: kijana wa mapokezi akiuliza mpishi analipwa ngapi, wakala atachota faili ya mishahara na kumjibu. Kila mtu aingie kwa akaunti yake, utafutaji ufuate ruhusa zake. Mfumo wenu ukiwa na seva ya MCP, itifaki ya kuunganisha akili mnemba na mifumo mingine iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mwaka 2024, anzia hapo, kwa ruhusa ya kusoma tu. Kisha ingia kama kijana wa mapokezi, uulizie mishahara. Ukijibiwa, kata muunganisho papo hapo.