Muulize mtoto kabla hujaamua

Binti yangu alikuwa na miaka 7 daktari alipotuambia ana pumu. Tukapewa inhela mbili: moja ya kufungua kifua kikibana, nyingine ya kuvuta kila siku asubuhi na jioni hata akiwa mzima, ili njia za hewa zisivimbe. Hiyo ya kila siku ndiyo iliyotugombanisha. Nilibembeleza, nikatisha, nikaahidi zawadi. Mwishowe akawa anaichukua mwenyewe, anaingia nayo chumbani, anatoka akisema, "Tayari, Mama." Nikashukuru. Siku moja nikaangalia kihesabio kilicho mgongoni mwa inhela, kinachoonyesha dozi zilizobaki. Kwa siku 9 namba ilikuwa palepale.

Hasira zilinipanda, tena na hofu, maana usiku wa kifua kubana naujua. Hata hivyo jioni ile nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: "Ni nini kinachokusumbua kwenye dawa hii?" Alikaa kimya muda mrefu akizungusha kamba ya kiatu kidoleni. Nami nikanyamaza, na kunyamaza huko kulinigharimu kuliko kusema. Kisha akasema, "Inabaki mdomoni. Halafu kila ninachokula kina ladha yake."

Basi. Ugomvi wote ule ni ladha ya mdomoni.

Tuliporudi kliniki nilimwomba daktari azungumze naye, si nami. Binti akamuuliza daktari mwenyewe kama anaweza kusukutua mdomo. Daktari akamwambia kwamba anatakiwa kabisa kusukutua na kutema kila anapomaliza kuvuta, kwa sababu mabaki ya dawa ile yanaweza kuleta fangasi mdomoni. Binti akaamua atavuta kabla ya kupiga mswaki. Mpango ulikuwa wake, na aliufuata.

Tangu hapo nimejifunza kutenganisha mambo mawili. Kuvuta dawa hakuna mjadala, na hilo namwambia waziwazi. Avutie wapi, saa ngapi, nani ashike inhela, aandike vipi kwenye kalenda: hayo ni yake. Usimuulize mtoto "Unataka dawa?" ilhali akisema hapana utampa tu. Atajifunza kwamba neno lake halina uzito, na siku nyingine hatakwambia kitu.

Wengi husema mtoto bado mdogo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, nayo yapimwe kulingana na umri na ukomavu wake. Haukutaja umri wa kuanzia. Mtoto wa miaka 2 anaweza kuchagua mkono wa kuchomwa sindano na mapaja ya nani akalie. Asiyesema bado huongea kwa mwili: anayegeuza uso na kukunja ngumi amekwisha kukujibu.

Lakini usimtwishe mzigo wa mtu mzima. Mtoto asiulizwe achague baba au mama, wala asiachiwe peke yake uamuzi wa upasuaji. Muulize anachoogopa, anachotaka kisibadilike, nani awe karibu naye. Kisha wewe amua, na uamuzi ukienda kinyume na alivyotaka, rudi umweleze sababu. Hapa ndipo wazazi wengi tunapokwama. Tunasikiliza vizuri, halafu tunapotea na jibu.

Kwetu ilikuwa suala la shule. Hakutaka mwalimu ajue. Nilikataa, nikamweleza kwamba akibanwa darasani lazima awepo mtu anayejua inhela iko wapi na inatumikaje. Alilia. Baadaye akauliza, "Basi, si lazima darasa zima litangaziwe?" Nikamwambia si lazima. Tukakubaliana mwalimu wake aambiwe faraghani, naye awepo. Alipofika mbele ya mwalimu, aliyeeleza ni yeye.

Sasa ana miaka 11. Huenda kliniki na maswali yake kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Mara ya mwisho la tatu lilikuwa hili: "Nikilala kwa rafiki yangu na kifua kikabana usiku, nani pale atajua la kufanya?" Sikuwa nimewahi kuliwaza. Daktari alivuta kiti karibu, na sisi watatu tukaanza kuandika maelekezo ambayo angeyabeba kwenye begi lake.