Pima chemba kabla ya kununua kalibu

Anayeanza kusubu vichwa vya risasi (kumimina madini yaliyoyeyushwa kwenye kalibu, yaani chombo cha kuvipa umbo) kwa ajili ya rivolva kubwa, za .44 au .45, huwa na swali moja mdomoni: nichanganye nini ili kichwa kiwe kigumu? Nakusihi swali hilo uliweke kando kwanza. Kichwa kigumu kisichoenea vizuri kwenye silaha yako kitaacha ukoko wa madini mtutuni na kutapanya matundu kwenye shabaha. Kichwa laini kinachoenea barabara kitapita safi. Siku hizi mtu akinijia analalamika kuhusu ukoko, siulizi habari za mchanganyiko mpaka anipe vipimo.

Vipimo vyenyewe ni viwili. Hakikisha silaha ni tupu, toa silinda, paka mtutu mafuta kidogo, kisha sukuma polepole kipande cha madini ya risasi matupu, yasiyochanganywa na kitu, kipite mtutuni kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kikitoka kitakuwa kimebeba alama za mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kukizungusha kichwa. Pima upana wake kwenye sehemu zilizoinuka, kwa maikromita, si kwa rula. Angalizo: mitutu ya rivolva za Smith & Wesson kwa kawaida ina mifereji mitano, na idadi witiri hufanya kila mwinuko utazamane na bonde, hivyo maikromita ya kawaida itakudanganya. Hapo heri utumie chombo cha pembe tatu, au umwachie fundi wa silaha.

Kipimo cha pili ndicho wageni wengi wanachokiruka, nacho ndicho chenye uzito zaidi: koo la kila chemba (tundu la silinda linalobeba risasi), yaani ile sehemu ya mbele ya tundu ambayo kichwa hupitia kabla ya kuingia mtutuni. Zipime zote, maana si ajabu moja kuwa tofauti na nyingine. Kuna jaribio rahisi: shika kichwa chako kitupu, kisicho na ganda wala baruti, ukiingize kwa mbele. Kikidondoka chenyewe, ni chembamba mno. Kikitaka nyundo, ni kinene mno. Kinachopita kwa kusukumwa na kidole gumba, kwa ukinzani kidogo, ndicho chako.

Koo linatakiwa lilingane na upana wa mifereji au lizidi kidogo sana, na kichwa kilingane na koo. Kwa .44 Magnum, mtutu wa inchi 0.429 mara nyingi hupenda kichwa cha 0.430 au 0.431. Kwa .45 Colt uwe macho zaidi: silaha za zamani zilitengenezwa kwa kipimo cha karibu 0.454, za baadaye ni 0.451 au 0.452, na ukinunua kalibu kwa kusoma jina la risasi tu unaweza kukosea kabisa. Koo likiwa jembamba kuliko mtutu, kichwa hubanwa kwenye silinda, kinaingia mtutuni kikiwa kimepungua, gesi ya moto inapenya pembeni mwake na kukwangua madini. Hakuna mchanganyiko wa kuponya hilo. Fundi hulipanua koo kwa kifaa maalumu, mambo yakaisha.

Sasa ndipo tuje kwenye ugumu. Kwa kipimo cha Brinell, madini ya risasi matupu yana kama 5, vyuma vya kubalansi magurudumu vya aina ya zamani viko karibu na 12, na linotaipu ya wapiga chapa ni kama 22. Elmer Keith, Mmarekani ambaye risasi zake nzito za .44 Special ndizo zilizotangulia .44 Magnum ya miaka ya 1950, alitumia sehemu 16 za madini ya risasi kwa 1 ya stani. Hiyo ni takribani 11 tu. Kwa mwendo wa wastani usihangaike kutafuta zaidi ya hapo: kichwa kigumu mno chenye msukumo mdogo hakitanuki kitakoni kuziba mtutu. Ukitaka kasi kubwa, kuna vichwa vinavyovalishwa kikofia cha shaba kitakoni.

Kwenye kusubu kwenyewe, macho yako yawe kwenye kitako. Hapo ndipo gesi inapoachana na kichwa kikitoka mtutuni, na kona moja iliyoviringika inatosha kukipeleka pembeni. Pua yenye kasoro ndogo naweza kuivumilia, kitako chenye kasoro hurudi chunguni. Mikunjo kwenye ngozi ya kichwa ina maana kalibu ni baridi au ina mafuta. Rangi ya ukungu mweupe ina maana joto limezidi, lakini kichwa hicho mara nyingi kinafaa. Nyuzi 370 hadi 400 za Selsiasi zinatosha. Usipande zaidi, kwa sababu zinki huyeyuka kwenye 419, na chuma kimoja cha gurudumu kilicho cha zinki kikijichanganya, chungu kizima hukataa kujaza kalibu. Sahani za betri za gari usiziyeyushe kamwe, gesi zake huua.

Tone la maji likizama kwenye madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha usoni. Vaa miwani, glavu na mikono mirefu, na usiongeze kipande chenye unyevu kwenye chungu chenye moto. Kuhusu sumu, wengi huogopa moshi wakasahau vumbi la zile taka zinazoelea juu. Hilo ndilo huingia mwilini kupitia vidole. Fanya kazi penye hewa, usile wala kuvuta sigara hapo, badilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto, na mwombe daktari akupime kiwango cha madini ya risasi kwenye damu kila mwaka.

Umbo la kichwa la kuanzia ni lenye pua bapa na mfereji wa kukunjia (ambamo mdomo wa ganda hukunjwa ili kukishika kichwa) ulio wazi. Kiasi cha baruti kitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji, kwa uzito na umbo la kichwa hicho hicho. Mchanganyiko ukibadilika, uzito nao hubadilika, kwa hiyo pima vichwa vyako, usitegemee namba iliyochongwa kwenye kalibu.

Na ukunjo wa ganda uujaribu. Rivolva kubwa ikipigwa hurudi nyuma kwa nguvu, na kichwa kizito kisichoshikwa vizuri husogea mbele ndani ya ganda hadi kifunge silinda isizunguke. Pima urefu wa risasi moja, iweke ipigwe mwisho, piga nyingine zote, kisha itoe uipime tena. Ikiwa imerefuka, kaza ukunjo kabla hujatengeneza nyingine.