Nilitumwa nazi mbili

Swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: "Umeachana na gemu. Muda uliobaki unaufanyia nini?" Nimelisoma, nikacheka, nikampa mke wangu naye alisome. Yeye hakucheka. Ndiyo maana nawaandikia usiku huu, na mnisamehe urefu.

Nianze kwa kubisha. Muda haubaki. Nilipokuwa nacheza nilikaa mbele ya PS4 kama saa nne kila usiku, na Ramadhani ndiyo usiseme, kutoka tarawehe mpaka daku. Nilipoacha nilidhani zile saa nitazikuta mahali zimejipanga, nizichukue nizifanyie jambo la maana. Wapi! Muda wa namna ile ni kama chenji ya sokoni: umetoka na noti nzima, umerudi na fungu la bamia, iliyobaki ukiulizwa huwezi kuieleza.

Halafu wapo watakaowaandikia kwamba waliamka siku moja wakajirudi, wakaona wanapoteza maisha. Mimi sikuacha kwa toba. Niliacha kwa sababu ya pedi, ile ya mkononi ya kuchezea. Kijiti cha kushoto kilianza kujivuta chenyewe. Mchezaji wangu mpira hana, hakuna aliyemtuma, anakimbilia kibendera cha kona. Fundi akataka shilingi 35,000. Ilikuwa tarehe za katikati, mshahara bado, na LUKU inapiga kelele ukutani. Nikaiweka pedi juu ya kabati. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia, nikajikuta naitwa mtu aliyeacha gemu, na watu wananipongeza.

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nashika simu natazama video za watu wengine wakicheza gemu ile ile. Nikajaribu kukimbia asubuhi kuelekea Raskazone, hapa kwetu Tanga. Siku tatu, goti likakataa. Jirani akanishawishi nifuge kuku wa nyama. Nikapiga hesabu ya vifaranga, chakula, chanjo ya kideri na ya gumboro, nikaona hilo nalo ni gemu, tofauti yake ukifungwa unadaiwa. Nikaachana nalo kabla sijaanza.

Nikaangukia kwenye bao.

Nilikuwa napita kila siku kwenye baraza moja huku Ngamiani, katika hizi barabara zetu zenye namba (sitaji ya ngapi, wenyewe wanajijua). Kwanza nilisimama. Baadaye nikapewa kigoda. Mwezi mzima nilikuwa mtazamaji, na nilijiona nitalimudu upesi, maana mimi nimekulia kwenye kibanda cha gemu Makorora, enzi za PS2 na Pro Evolution Soccer 6, ile gemu ya mpira, enzi ambazo ukimchagua Inter ya Adriano wenzako wanaguna kabla mpira haujawekwa kati. Shuti la Adriano, yule mshambuliaji Mbrazili, mnalikumbuka. Ukilipiga kutoka popote, kipa anajitupa kwa ajili ya heshima tu.

Sasa niwasimulie Jumapili moja, kabla ya mvua za vuli, kwa sababu bila hiyo Jumapili jibu langu halieleweki.

Mke wangu alikuwa anapika. Samaki walishakaangwa, mchele ulishachambuliwa, kasoro nazi. Saa nne asubuhi akaniambia, "Niletee nazi mbili, na uzitikise kwanza, usije ukaniletea koroma." Genge haliko mbali, ukikohoa muuzaji anakusikia. Nikaenda, nikatikisa, maji yanalia vizuri, nikalipa. Kurudi nikapita barazani. Ningeweza kupita njia nyingine. Ipo.

Aliyekuwa amekaa mbele ya bao ni mzee seremala, siku hizi hachongi tena. Bao lenyewe ni la mkono wake, mti wa mvule, mashimo yameng'aa kwa vidole vya watu, na kete ni komwe za kijivu ambazo ukizishika zina ubaridi kama za chini ya mtungi. Mwenziwe alikuwa amepigiwa simu ya msiba, ameondoka. Mzee akanitazama, akazitazama nazi, akasema, "Kaa, mwanangu, upashe moto kigoda mpaka atokee mtu."

Mpaka atokee mtu. Tusi hilo limefungwa kwenye kanga, lakini ni tusi.

Nikaziweka nazi chini ya benchi, nikakaa. Kwa vijana wasiolijua bao: mashimo ni 32, kete ni 64, nusu yako nusu yangu. Mnapoanza, kete sita ziko kwenye nyumba, lile shimo la mraba safu ya mbele. Mbili na mbili kwenye mashimo mawili yaliyofuatana nayo. 22 zimo mkononi. Unaziingiza moja moja kwa zamu, huko ndiko kunamua. Zikiisha za mkononi mnaingia kwenye mtaji, hatua ya pili, na hapo shimo lenye kete moja halichezeki. Lazima uwe na shimo lenye kuanzia mbili.

Nilianza vizuri, nasema kweli. Kwenye kete ya tisa hivi nikamla shimo nono, nikazungusha kutoka kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, ikala tena, nikazungusha, ya mwisho ikatua kwenye nyumba yangu. Nyumba ilishafika kete 11, na upande wa pili, mkabala nayo, kwa mzee hamna kitu. Hapo mchezaji ana hiari. Ama unalala, nyumba inabaki imejaa na zamu inakwenda kwa mwenzio. Ama unasafiri: unaivunja, unazimwaga zote uone zitafika wapi.

Baraza zima, "Lala! Lala kijana!" Muuza kahawa naye, birika mkononi, "Lala!"

Nikasafiri. Mimi ni mtu wa Adriano, nikiona goli napiga. Zile 11 zikatembea, zikala kidogo pembeni, zikazunguka safu ya nyuma, zikalala huko. Lilikuwa jambo la kupendeza kutazama. Mzee hakusema neno. Alinamua moja, akala kishimo kidogo, akalala. Mimi tena, kelele. Yeye tena, kishimo kidogo. Vidole vyake havikuwa na haraka, na kila alipodondosha kete ilitoa mlio ule ule, tok, kana kwamba zote zina uzito mmoja wakati zangu zilikuwa zinagongana.

Za mkononi zikaisha. Tukaingia mtaji. Mizunguko michache baadaye zamu ikawa yangu, nikaangalia upande wangu nikaona mashimo karibu yote yana kitu. Nikafarijika. Nikatafuta shimo lenye kete mbili nianzie. Nikaanza kulia kwenda kushoto. Nikarudi. Kete 13, mashimo 13.

Mzee akasubiri nimalize kuhesabu mara ya tatu. Kisha akasema, "Nyumba yako imejaa watu, mwanangu, lakini hakuna mwenye nauli."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Nami nikasema neno ambalo nilikuwa nalisema Makorora nikiwa na miaka kumi na nne: "Tena."

Tukacheza tena. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, tukaenda kuswali, tukarudi, na hakuna aliyeuliza kama tunarudi. Nazi moja ilibingirika ikaingia mtaroni. Muuza kahawa akaiokota, akaipangusa kwa kitambaa chake, akairudisha chini ya benchi. Simu nilikuwa nimeinyamazisha. Si kwa bahati mbaya. Nilifungwa mara nne, ya tano nikakaribia kabisa, bado naiota. Nilipoitazama saa ilikuwa saa tisa na nusu na simu ina miito sita.

Nyumbani walishakula. Wali mweupe, wa mafuta. Watoto wamelala. Mke wangu alizipokea zile nazi, akaitikisa moja, akaitikisa ya pili, akasema, "Mwenzangu, hizi ulikwenda kuzipanda?"

Nikaanza kueleza habari ya kunamua. Akanikatiza. "Bora lile dude lako. Nilikuwa nakuona mgongo tu, lakini nakuona. Na nikikuita unasimamisha."

Na ndiyo hivyo hasa. Gemu ina kitufe cha kusimamisha. Bao halina. Ukiinuka katikati, kesho utaitwa mkimbizi barabara nzima, na mzee atakuuliza mbele ya watu kama ulipata choo.

Hapa ndipo kalamu yangu inaanza kunisaliti, kwa sababu nilipokaa kuandika nilikusudia kuwaambia vijana: acheni gemu, nendeni barazani, bao ni akili, bao ni letu. Nilishaandika na sentensi yenyewe. Nimeifuta.

Shemeji yangu ni muuguzi. Enzi za PS4 alinitumia ujumbe mrefu, kwamba Shirika la Afya Duniani liliuingiza ulevi wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: unashindwa kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine ya maisha, na unaendelea ingawa unaona madhara. Na hali hiyo kwa kawaida iwe imekaa angalau miezi 12, maana wasemaji wengine wanamwita mgonjwa kila mtoto aliyeshika pedi wakati wa likizo. Wakati ule nilimjibu kwamba mimi najizuia vizuri tu. Juzi nimeutafuta ujumbe ule, nikazipima dalili zake kwenye bao. Kujizuia, sifuri. Kutangulia mambo mengine, mashahidi ni nazi mbili. Kuendelea ingawa naona madhara, Jumapili iliyofuata nilikuwa pale pale. Kinachoniokoa ni kwamba nina miezi minane tu.

Sasa mtaniuliza, basi yote sawa? Hapana, si sawa, ila tofauti yake siioni pale nilipodhani iko. Nilikuwa nasema gemu ni upweke na baraza ni watu. Lakini kibanda cha Makorora kilikuwa nini? Vijana kumi na watano kwenye chumba cha bati, pedi mbili, aliyefungwa anainuka, kila mmoja kocha wa mwenziwe, na mwenye kibanda anatuuzia ubuyu. Ukiwa huna hela unaruhusiwa kukaa utazame. Lile lilikuwa baraza, kasoro kahawa. Nilichokipoteza nilikipoteza siku niliyonunua ya kwangu nikaiweka sebuleni, nikafunga na mlango ili watoto wasipige kelele. Hiyo si kosa la gemu. Mlango niliufunga mimi.

Mtu anayeishi peke yake, chumba kimoja, mji wa ugenini, sidhani nina la kumwambia. Huenda gemu yake ndiyo inayomkutanisha na watu. Na anayecheza kamari kwa jina la gemu, huyo swali lake ni jingine.

Nirudi kwa mke wangu na lile swali lenu. Alilisoma polepole, akaniuliza, "Hawa wanamuuliza nani? Mimi gemu sijawahi kuwa nayo, na huo muda uliobaki sijauona." Halafu akaenda kuanua nguo. Sikuwa na jibu wakati ule na hata sasa sina, ila nimegundua kwamba katika hesabu zangu zote za saa nne za kila usiku, hakuna mahali nilipoandika zake ni ngapi.

Kwa hiyo, kama lazima mchapishe jibu, andikeni kwamba msomaji wenu wa Tanga anacheza bao, hapendekezi sana, na haachi. Jumapili sasa nakuna nazi mwenyewe. Nakaa kwenye mbuzi, nakuna zote mbili, nachuja tui zito na jepesi, naacha sufuria mbili jikoni zimefunikwa, ndipo natoka. Mke wangu anasema si wema, ni nauli. Nami saa saba na nusu nakuwa nimerudi. Mara mbili nimechelewa, mara moja kwa haki kabisa, kwa sababu nilikuwa namfunga mzee. Alisema jua lilikuwa linampiga machoni.

Ile pedi niliishusha kabatini wiki iliyopita, nikaipeleka kwa fundi. Mtoto wa dada yangu anakuja likizo kutoka Muheza, na hajawahi kumwona Adriano. Bei imepanda, sasa ni 40,000. Nimelipa nusu, nimemwambia fundi asifanye haraka.