Binti yangu hataki tena kupanda bajaji yangu

SWALI: Shikamoo Mama. Naendesha bajaji hapa Kigoma mjini. Binti yangu mkubwa ana miaka 13, kaanza kidato cha kwanza mwaka huu. Nikimfuata shuleni nilikuwa nafungulia muziki, nashuka, nacheza pale getini huku namwita "Kibonge cha baba". Wenzake walikuwa wanafurahi sana. Wiki mbili zilizopita nikawaambia kwamba huyu mnayemwona alikuwa kikojozi hadi darasa la pili. Tangu siku hiyo anatembea kwa miguu mpaka nyumbani Gungu, jua kali, vumbi, nami nampita barabarani na bajaji tupu. Marehemu baba yangu hakuwahi kucheka na mimi hata siku moja, nikaapa wanangu watacheka. Nimekosea wapi?
Baba wa Gungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nimekulia Kibirizi, hapo hapo Kigoma kando ya ziwa. Nilikuwa mrefu, mwembamba, baba akaniita Mgebuka, kama yule samaki wa ziwani kwetu. Yeye alikuwa na upara unaong'aa, nami nikamwita Karabai, kama zile taa za wavuvi wa dagaa. Akiingia tu uani: "Mgebuka, leo umeanikwa wapi?" Nami: "Karabai, punguza mwanga, dagaa watatujalia ndani!" Mama alikuwa anauacha mwiko kwenye ugali, anashika kiuno, anacheka mpaka anakaa chini.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari Tabora, baba alinisindikiza stesheni. Treni ilipoanza kusogea akakimbia kando ya behewa anapunga kofia: "Mgebuka! Mgebuka wangu, wasije wakakukaanga huko!" Wasichana niliokaa nao, ambao hata majina yao sikuyajua bado, wakaangua kicheko. Nilijifunika kanga usoni. Hadi leo naisikia harufu yake, sabuni ya mawese na moshi wa jikoni kwetu. Tulipofika Uvinza jina lilishanikaa. Kaliua, Urambo, zaidi ya kilomita 400 mpaka Tabora mimi ni Mgebuka, na bwenini miaka minne.

Baba alikuwa yule yule, na mapenzi yale yale. Lakini uani kwetu nilikuwa na la kumjibu. Mle kwenye behewa sikuwa nalo. Wazee wetu waliuweka utani kati ya babu na mjukuu, shemeji na shemeji, kabila na kabila, na kila upande una ruhusa ya kurudisha. Binti yako angerudisha nini pale getini? Akikutania mbele za watu ataambiwa hana adabu.

Kucheza kwako hakunisumbui sana. Ni baba wangapi wanaoshuka kwenye bajaji kwa furaha ya kumwona mtoto? Hilo la kikojozi ndilo zito. Ile ni siri ya shuka mlilokuwa mnaanika wewe na mama yake asubuhi, majirani wasione, nawe umeipeleka getini. Jikumbushe ulivyokuwa na miaka 13. Mimi chunusi moja tu puani ilitosha nisitoke kuchota maji mchana.

Muombe radhi nyumbani, mkiwa wawili, na utaje kosa lenyewe: "Nilitoa siri yako." Usiseme "ulikuwa utani tu," maana hapo unamrudishia kosa yeye. Wala usiende kuwaeleza wenzake chochote, utalichimbua upya. Halafu msimulie aibu yako moja ya utotoni, ya kweli, ambayo hata mama yake haijui, na umwache akutanie nayo hapo nyumbani kadiri apendavyo. Wewe ambaye baba yako hakucheka nawe, najua haitakuwa rahisi kuchekwa na mtoto. Vumilia.

Hilo la "Kibonge" muulize kama bado analitaka. Pengine analitaka, ila liishie mlangoni kwenu.

Siku atakayokubali kupanda tena, msubiri muziki ukiwa umezimwa. Akiutaka, atakuambia ufungulie.