Kumbana mtoto kunamnyoosha kweli?

Ndugu mleta mada, umesema kijana wako wa miaka 14 humruhusu kutoka zaidi ya shule, simu unampekua akilala, na unauliza kama atanyooka. Mimi nimelelewa hivyohivyo hapa Kibirizi, Kigoma, na sasa nina wangu.

Mzee wetu alikuwa moto. Adhana ya magharibi ikikukuta nje, fimbo. Mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanapotia mitumbwi, ilikuwa marufuku kabisa, eti kuna wahuni. Kaka yangu alitii mchana. Usiku wa giza, mzee akishaanza kukoroma, huyo dirishani, anaingia ziwani na wavuvi wa dagaa mpaka alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, kwa sababu taa haziwavuti dagaa vizuri, basi naye analala nyumbani. Mzee akimwona katulia siku hizo anaisifu fimbo yake! Sisi wadogo tunajua kila kitu, na hakuna wa kufungua mdomo.

Mwaka 2000 watafiti wawili, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha utafiti wao juu ya vijana wa Uswidi wa umri kama wa huyo wako. Walikuta kwamba mengi ambayo mzazi anayajua kuhusu mwanawe yanatoka kwa mtoto mwenyewe, kwa kusema kwa hiari, kuliko kwa kuhojiwa na kubanwa. Na wale wanaosema ndio waliokuwa na utundu mdogo. Inawezekana pia mtoto mtulivu ndiye mwepesi wa kusema, sikatai.

Sisemi uwaachie. Mtoto wa miaka mitano haendi ziwani bila mkubwa, hapo hakuna mjadala. Binti yangu mkubwa lazima niambiwe anakwenda wapi, na nani, anarudi saa ngapi. Lakini alipofeli hesabu sikumpigia kelele (mama mkwe alinishangaa), na muhula uliofuata akaja mwenyewe kuniambia kuna bodaboda anambeba bure kila siku na sasa anadai namba yake. Simu ningeipekua nisingelijua hilo, kwa sababu halikuwa kwenye simu. Nilimfuata yule kijana siku hiyohiyo.

Kwa wako, mruhusu mpira jioni na umpe saa ya kurudi. Akichelewa, kesho yake haendi. Simu zilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku, na ya kwako pia. Ukitaka kuikagua, mwambie kabla, ukague naye akiwa amekaa hapo.