Kasoro moja ya jeni, panya na sungura: kuhusu ugonjwa wa QT ndefu

Swali: Ninasomea shahada ya uzamili katika fiziolojia. Kasoro ya jeni ya KCNH2 huweza kumuua mtu ghafla kwa ugonjwa wa QT ndefu (QT ni muda, kwenye kipimo cha umeme wa moyo, tangu ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo, zianze kusisimka hadi zitulie), lakini panya waliopandikizwa kasoro hiyo karibu hawaumwi. Je, panya hawafai kabisa kuchunguzia magonjwa ya mdundo wa moyo?

Jibu: Wanafaa, ila si kwa kila ugonjwa, kinachoamua ni mkondo upi wa ioni (chembe zenye chaji ya umeme ziingiazo na kutoka katika seli) umeharibika.

KCNH2 hutengeneza protini ya mfereji wa potasiamu ambao, kila baada ya pigo, husaidia kuirudisha seli ya moyo katika utulivu wake wa umeme. Mfereji mmoja huundwa na vipande vinne vya protini hiyo. Katika badiliko liitwalo G628S, asidi amino ya glisini iliyo nafasi ya 628, penye tundu la mfereji, hubadilishwa na nyingine, serini, na kipande kimoja kibovu kikiingia miongoni mwa vinne hivyo, mfereji wote huharibika. Kwa hiyo mtu aliyerithi nakala moja mbovu habaki na nusu ya mifereji yake: vipande vikichanganyika ovyo, husalimika takriban mfereji 1 kati ya 16. Seli huchelewa kutulia, QT hurefuka, na pigo la ziada likiingia wakati huo laweza kuanzisha mdundo wa hatari katika ventrikali.

Moyo wa panya mdogo wa maabara hupiga takriban mara 600 kwa dakika, na seli zake hutulia kwa kutegemea mikondo mingine ya potasiamu iliyo ya kasi zaidi. Panya waliopewa G628S mwaka 1998 walidhoofika mkondo wa KCNH2, lakini QT yao haikurefuka. Mwaka 2008 kasoro ileile ilipowekwa kwa sungura, ambaye moyo wake hutegemea mkondo huo kama wetu, QT ilirefuka na zaidi ya nusu yao walikufa ghafla ndani ya mwaka mmoja. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu.

Hali ni tofauti kasoro inapokuwa katika RYR2, mlango wa ghala la kalsiamu ndani ya seli, ambayo tangu 2001 inajulikana kusababisha mdundo hatari wakati wa mazoezi au hofu. Panya huutegemea mlango huo kama sisi. Panya wenye badiliko la RYR2 liitwalo R4496C, wakidungwa adrenalini na kafeini, hupata mdundo unaofanana na wa wagonjwa. Mwaka 2009 dawa ya flekainidi ilizuia mdundo wa namna hiyo kwa panya wasio na CASQ2, protini inayoshika kalsiamu ghalani, na kwa wagonjwa wawili ambao dawa za kawaida hazikuwatosha.

Kwa utafiti wa KCNH2, basi, tafuta maabara yenye sungura, hasa ukikusudia kupima usalama wa dawa, kwa sababu dawa inayoziba mfereji huo inaweza kuonekana salama kabisa kwa panya.