Bei ya sungura hai mpakani
Hapana boss, hiyo bei ya wastani ya sungura hai wanaovuka mpaka, unayodhani ni ya nyama, siyo ya nyama. Forodhani kila bidhaa ina namba yake ya ushuru: sungura hai wako namba 0106.14 pamoja na sungura mwitu, nyama yake ni 0208.10, vitu viwili tofauti kabisa. Nafanya kliaransi, yaani kutoa mizigo forodhani, hapa Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, wengi wanaovuka wakiwa hai ni wa mbegu, yaani wa kuzalishia, na hao wanauzwa kwa kichwa siyo kwa kilo, kwa hiyo dume mmoja wa mbegu safi anaweza kupandisha wastani wote. Waliozaliwa Uganda hawalipi ushuru wa forodha kuingia Kenya ukiwa na cheti cha uasili kinachoonyesha wametoka Uganda, ila bila cheti cha daktari wa mifugo utarudishwa na maboksi yako.